Homa ya aliyepandikizwa mapafu haitibiwi dukani

Kwa Mhariri,

Wagonjwa waliokwenda ng'ambo kupandikizwa mapafu wakirudi Mombasa, jamaa hudhani hatari imebaki kule. Nawaandikia hasa wenzangu tunaouza dawa.

Figo mpya hukaa imefunikwa tumboni, lakini pafu hukutana na hewa ya nje kila pumzi. Upasuaji nao hukata mishipa ya fahamu, hivyo makohozi hujaa mtu asihisi haja ya kukohoa. Halafu anameza takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni ili mwili usilikatae pafu, na hizo ndizo zinazolaza kinga yake.

Sasa aje dukani na kikohozi, auziwe erithromaisini, dawa ya kuua bakteria. Ini hushindwa kuivunja takrolimasi, kiwango chake kikapanda damuni, mikono ikatetemeka, figo zikaumia. Klarithromaisini, nayo ya bakteria, na flukonazoli ya kuvu ni vivyo hivyo, hata tunda la balungi. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: hukishusha kiwango, na pafu likaanza kukataliwa. TB lazima itibiwe, ila dozi zipangwe upya na damu ipimwe mara kwa mara. Diklofenaki, dawa ya maumivu tunayoitoa kama peremende, huzidi kuzichosha figo.

Joto likifika 38, aende hospitali siku hiyo hiyo. Apimwe malaria, ndiyo, lakini jibu lolote lisifunge uchunguzi. Prednisoloni huweza kuificha homa, kwa hiyo kifaa cha nyumbani cha kupima nguvu ya pumzi (spirometa) kina kazi kubwa kuliko kipimajoto: apulize kila asubuhi na kuandika namba. Ikishuka kwa asilimia 10 na isirudi, ampigie daktari wake hata kama hana homa.

Nyumba kuukuu ikibomolewa mtaani, vumbi lake hubeba mbegu za kuvu. Apite mbali, au avae barakoa ya N95 iliyobana uso. Leso haizuii kitu. Maji ya kisima au ya mkokoteni yachemshwe hadi yatokote.

Septrini asiiache kwa kuona amepata nguvu, kwani humkinga na nimonia ya kuvu. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai, hivyo asichanjwe. Akitaka kusafiri, aombe cheti cha daktari cha kumwondolea sharti la chanjo hiyo.

Kabla ya kumfungia mteja dawa yoyote ya kikohozi, tumuulize kwanza anameza nini nyumbani. Akitaja takrolimasi, tusimuuzie. Tumpigie daktari wake akiwa bado amesimama pale kaunta.

Mfamasia,
Mombasa