Barua kwa Mwanangu Kuhusu Hita ya Gesi

Mwanangu Chebet,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba nyumba ya huko Eldoret imekufaa, ukiacha baridi ya alfajiri. Umeniambia kwamba fundi anataka kuitundika hita ya gesi ya kupasha maji ndani ya bafu, kwa sababu mabomba yatakuwa mafupi na kazi itakwisha kwa nusu siku. Nakuomba umsimamishe kwanza.

Katika kazi hii niliyoifanya miaka mingi, jambo ambalo mafundi hulipita haraka ni hewa. Hupaka povu la sabuni kwenye viungo vya mpira, na wasipoona kiputo hukusanya vifaa vyao na kuondoka. Lakini kilo moja ya gesi ya mtungi, ili iungue vizuri, huhitaji takriban mita 12 hadi 13 za ujazo za hewa. Hita ndogo ya lita 6 kwa dakika, ikiwaka kwa nguvu zote, hula karibu gramu 300 za gesi kwa dakika 20, na gramu hizo huhitaji hewa inayokaribia mita 4 za ujazo. Sasa pima bafu lako: likiwa na upana wa mita moja na nusu, urefu wa mita mbili na kimo cha mita mbili na nusu, hewa yote iliyomo ni mita 7 na nusu tu, na hiyo hiyo ndiyo unayovuta wewe. Oksijeni ikipungua, moto hauzimiki papo hapo, bali huendelea kuwaka vibaya na kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Ile harufu ya gesi ya mtungi haitakuonya, kwa kuwa gesi yenyewe imekwisha kuungua.

Kwa sababu hiyo baadhi ya hita hujizima zenyewe baada ya dakika 20, nami nimewaona watu wakifunga bomba na kulifungua tena ili iwake upya, wakidhani ni hitilafu.

Kwa hiyo hita ikae nje, kwenye ukuta wa varanda ya nyuma, chini ya paa na mbali na dirisha lolote, kisha bomba la maji moto lipenye ukuta. Utamwaga maji baridi kidogo kabla ya yale ya moto kufika. Hasara hiyo ivumilie.

Mwenye nyumba akikataa, basi nunua ile yenye bomba la moshi linalotoka nje kabisa, wala lisiishie darini, na uifunge jikoni au stoo, si bafuni. Chumba hicho kiwe na matundu mawili ya kudumu, moja karibu na dari na jingine karibu na sakafu. Kanuni za gesi za Marekani, hewa inapotoka vyumba vya ndani, hutaka kila tundu lisipungue inchi za mraba 100, nami sijaona sababu ya kupunguza. Tundu la chini lina faida nyingine, kwani gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa sakafuni. Usiweke feni ya kutoa hewa chumba hicho hicho, maana itauvuta moshi urudi ndani. Na tafadhali, baridi isikufanye uzibe matundu kwa magazeti, kama walivyofanya wapangaji wengi niliowatembelea. Wavu wa matundu hayo pia uupanguse, kwa sababu vumbi na rangi huuziba.

Moto ukigeuka kutoka buluu kuwa manjano, au kichwa kikikuuma na miguu ikalegea, toka nje mara moja, kisha gesi ifungwe kwenye mtungi na uende hospitali. Usidhani ni malaria.

Nitumie picha ya varanda pamoja na vipimo vya ukuta kabla fundi hajatoboa, nami nitakuchorea mahali pa kupitishia bomba.

Baba yako