Nileteeni Watoto Mapema: Barua kwa Wazazi Mnaopanda Mlimani Desemba

Wanangu, na ninyi wakwe zangu,

Nawaandikia Novemba hii, kabla hamjakata tiketi na kabla hamjaomba likizo kazini, kwa sababu Desemba ikishafika hakuna anayesikiliza. Nawaandikia ninyi wa nyumba yangu, lakini yaliyo kwangu yako kwa majirani pia, hapa Marangu na kule Rombo, Kibosho, Uru na Machame. Kwa hiyo barua hii naiacha wazi. Aisome yeyote mwenye mtoto mjini na mzazi huku mlimani.

Huko Dar es Salaam watu husema kila mwisho wa mwaka Wachagga wanakwenda kuhesabiwa. Wao wanatania. Mimi nawahesabu kweli. Usiku wa kuamkia Krismasi, mkishalala, huwa nachukua tochi na kupita chumba kwa chumba. Nahesabu vichwa kwenye magodoro ya sakafuni, nafunika miguu iliyotoka nje ya blanketi. Mwaka jana walikuwa kumi na wanne. Nilipofika kwa mmoja, mvulana, amejikunja karibu na ukuta, nilisimama nikamulika pembeni ili nisimwamshe, na sikujua ni mtoto wa nani kati yenu. Paji la uso tu ndilo lililoniambia kwamba ni wetu. Asubuhi niliona aibu kuuliza. Nikasubiri mpaka mama yake alipomwita, ndipo nikasikia jina. Ni jina la marehemu mume wangu.

Mnajua desturi yetu. Mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa mabibi. Tunafanya hivyo ili mtu asipotee. Sasa jina la mume wangu lilikuwa limelala sakafuni kwangu na sikulitambua.

Mlifika tarehe 24 saa tano za usiku, mkaondoka tarehe 27 alfajiri. Siku moja kanisani, siku moja nyama na wageni. Mtoto yule siku zote hizo alikaa sebuleni, karibu na soketi, na simu ya mama yake mkononi. Simlaumu hata kidogo. Mgeni hukaa sebuleni. Sisi ndio tuliomfanya mgeni kwa babu yake.

Ninachoomba ni kimoja, na mengine yote humu yanatoka hapo: nileteeni watoto mapema. Shule zinafungwa mwanzoni mwa Desemba na zinafunguliwa Januari. Huo ni mwezi mzima. Najua ninyi likizo zenu ni fupi, na wengine mwajiri hawaachii mpaka siku ya mwisho. Basi watangulizeni watoto. Shangazi yao hushuka Dar kila mara kwa biashara zake, anaweza kupanda nao basi. Kuna treni pia, ile iliyorudishwa Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya reli kukaa kimya. Inachukua muda mrefu kuliko basi, lakini mtoto anaiona nchi yake dirishani. Mnaweza kupeana zamu: mama huyu awalete watoto wote, baba yule awarudishe. Mkinipigia simu tarehe tano Desemba kwamba wako Himo, nitatuma mtu awapokee.

Nasema hivi kwa sababu nimeona tofauti. Mwaka juzi mmoja wenu alijifungua mwishoni mwa Novemba, akaniletea binti yake wa miaka minane akae nami wiki tatu. Siku mbili za kwanza alilia. Choo kiko mbali, usiku kuna baridi, maharage yangu hayana nazi. Siku ya tatu alifuatana nami kukata majani ya ng'ombe. Ng'ombe wetu hatoki bandani, chakula kinamfuata, na mtoto akishaambiwa kwamba mnyama huyu hawezi kula mpaka yeye alete majani, hulala na wazo hilo na kuamka nalo. Wiki ya pili alikuwa ananiamsha yeye. Tulikuwa tunatoka kabla mawingu hayajafunika Mlima Kilimanjaro, na kilele cha Kibo cheupe juu ya migomba, halafu ananiuliza kwa nini kile kilele kingine, Mawenzi, hakina theluji kama mwenzake.

Alijifunza kihamba, yaani shamba letu la nyumbani, kwa miguu. Miti mirefu juu, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini kabisa magimbi na viazi vikuu. Alijua samadi inatoka bandani na kwenda kwenye migomba, na majani ya migomba yanarudi bandani. Aliona mfongo, mfereji wetu, unavyoleta maji kutoka juu, na kwamba kila nyumba ina zamu yake ya kufungulia, ukikosa zamu unasubiri. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limeviweka vihamba vya Shimbwe Juu kwenye orodha ya urithi wa kilimo wa dunia, na wageni wanatoka mbali kuja kusoma jinsi wazee wetu walivyopanda. Wajukuu zangu wanaweza kuyasoma hayo bure, wakiwa wamebeba ndoo.

Tena aliokota buni zilizoanguka, akajua kwamba punje hizo ndizo zilizolipa ada ya baba yake. Sikumhubiria. Aliuliza, nikamjibu.

Nataka niseme habari ya nyama, maana hapo ndipo mmeharibu zaidi bila kujua. Siku hizi mbuzi akichinjwa, nyama yote inakwenda kwenye jiko la mkaa, muziki unafunguliwa, kila mtu anakula mpaka iishe. Zamani nyama ilikuwa inagawanywa, na kila kipande kilikuwa na mwenyewe: cha wazee, cha shangazi, cha mjomba, cha mama wa nyumba, cha waliochinja. Na waliokuwa wakipeleka ni watoto. Unafungiwa kipande kwenye jani la mgomba, unaambiwa, peleka kwa fulani, mwambie kimetoka kwa babu yako. Ndivyo tulivyojua ukoo. Hakuna aliyenikalisha chini kunitajia majina ya ndugu. Nilizijua nyumba zao kwa kubeba nyama, na njia zake, na mbwa mkali yuko wapi.

Mwaka ule nilimtuma binti yule kwa dada yangu, yeye na binamu yake mkubwa. Ni mwendo wa dakika kumi. Walirudi baada ya saa mbili, wamepewa mayai matano, na mtoto anapiga kelele tangu kwenye uchochoro wa masale, ile mimea ya uzio: "Bibi, kumbe baba aliwahi kuanguka kwenye mparachichi akavunjika mkono!" Miaka minane anaishi na baba yake nyumba moja, na habari hiyo ilikuwa inamsubiri kwa bibi yake mdogo. Kwa hiyo mwaka huu, nyama ya kuchoma iwepo, lakini kabla jiko halijawashwa, vipande vya ndugu vitengwe na watoto wavibebe. Wawili wawili, mchana, kwa nyumba ninazozitaja mimi.

Mkwe wangu wa Tanga, usiwe na wasiwasi wowote. Atakayechinja ni jirani yetu Mwislamu, kama ninavyofanya kila mwaka tangu uingie nyumba hii, ili wewe na watoto mle sahani moja na sisi. Kisusio, ile supu ya damu, wale wanaokitaka watapikiwa sufuria yao mbali. Na ninyi wanangu wa kiume, sikilizeni: wake zenu nao wana mama. Mwaka mmoja huku, mwaka mmoja kwao. Nitahuzunika mwaka wa zamu yao, lakini mtoto ana mabibi wawili, na yule mwingine naye ana tochi.

Ibada ya Krismasi tutakwenda wote, na tutabaki kwenye mnada wa sadaka za mazao. Mpeni kila mtoto shilingi chache zake mwenyewe. Mtoto akinyanyua mkono akanunua yai au mkungu mdogo, akausindikiza nyumbani, atalikumbuka kanisa lile kuliko mahubiri.

Tarehe 26 asubuhi, kabla ya wageni, tunasafisha makaburi. Yako hapo hapo kihambani, hatua chache kutoka jikoni, na watoto wa mjini huyaogopa. Wakishika fagio hawaogopi tena. Nitawaonyesha ni nani amelala wapi. Yule mwenye jina la babu yake nitamshika mkono mwenyewe.

Sasa nisikilizeni vizuri zaidi, maana hili ni zito. Nyumba ikijaa, watu husahau macho yao. Kuna ndugu wa mbali, kuna marafiki wa ndugu, kuna pombe. Usimlaze mtoto wako, wa kike wala wa kiume, pamoja na mtu mzima eti kwa kuwa ni wa ukoo. Watoto watalala chumba changu na cha pili yake, mlango wazi, na mimi niko katikati. Mtoto akisema hataki kumsalimia mtu fulani kwa kumkumbatia, au hataki kutumwa kwake, msimgombeze kwamba hana adabu. Muulizeni taratibu, mkiwa peke yenu, na mumwamini. Heshima kwa wakubwa tunaifundisha, lakini haijawahi kumaanisha mtoto anyamaze akiumizwa. Nimeishi muda wa kutosha kujua nyumba zilizonyamaza.

Na mbege isionjeshwe mtoto, hata ncha ya ulimi, hata kama mjomba anacheka na kusema ni ndizi na ulezi tu. Kata ya mbege ni ya watu wazima.

Vikao vya mashamba navyo nimevihamisha. Najua Desemba ndiyo mnakutana, na mipaka inazungumzwa. Mwaka jana mlipandishiana sauti uwanjani, watoto wakasimama dirishani wakisikiliza baba zao wakiitana wezi. Mwaka huu kikao kitafanyika kwa mzee wa ukoo, watoto wakiwa huku. Na wawili kati yenu, mnajijua, mmekuwa hamsalimiani tangu siku ile. Nimekata jani la isale, ambalo kwetu ni la kuombana msamaha, na kuliweka juu ya kabati. Atakayefika wa kwanza atalichukua na kumpelekea mwenzake. Hilo watoto walione, kwa sababu ugomvi waliuona.

Habari ya fedha sitaki kuirefusha. Sihitaji ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, sihitaji gari jipya limesimama mbele ya mlango. Mbuzi mmoja anatutosha, na ndizi ninazo. Leteni sukari, sabuni na mchele kidogo. Januari kuna ada, sare na madaftari. Msikope ili majirani wawaone. Njiani pia msishindane na mtu. Kutoka Dar hadi Moshi ni zaidi ya kilometa 550, na anayetoka kazini jioni akaingia barabarani usiku, akifika Segera macho yamekwisha. Laleni, mwondoke asubuhi. Mtori nitaupasha tena, hauwezi kuharibika kwa saa chache.

Kuhusu lugha, msione haya kwamba watoto hawajui Kichagga. Nami sitawacheka. Wakifika mapema, neno "aika", yaani asante, watalisikia mara mia kwa siku, na ifikapo Krismasi watalisema bila kufundishwa. Simu nazo sizikatazi. Zitachajiwa jioni, wapige kwenu, wawaambie walichofanya.

Lipo jambo moja la mwisho. Binti yule wa mayai, mwaka juzi kabla hajaondoka, alipanda chipukizi la mshare, aina ya mgomba wetu, kando ya mfongo. Alichimba mwenyewe, akajaza samadi kwa mikono, akalipatia jina ambalo alinikataza nisimwambie mtu. Mwaka jana alikuja kwa zile siku tatu zenu, akakimbia kwenda kuuona usiku usiku na tochi yangu. Ulikuwa umefika kimo cha baba yake. Sasa umetoa mkungu, mzito, nimeuwekea nguzo mbili upepo usiuangushe. Jirani ameniambia unafaa kukatwa mwanzoni mwa Desemba, nami nimekataza mtu yeyote asiuguse mpaka mwenyewe afike na panga ashikiwe.

Pembeni yake nimechimbisha shimo jingine, na samadi imeshakaa humo wiki mbili. Chipukizi nimelichagua. Ni la yule mvulana aliyelala karibu na ukuta.

Njooni na masweta.

Mama na bibi yenu,
Marangu