Mjomba, mimi sikai Paris

Shikamoo mjomba. Nasikia huko Pangani ushatangaza barazani kwamba mpwa wako anakaa Paris, sasa kila siku napata meseji za watu wanataka picha ya mnara wa Eiffel. Mjomba, Paris naenda kubeba boksi tu, kulala nalala Conflans-Sainte-Honorine, mji wa nje ya Paris, asubuhi tunajazana kwenye treni ya RER A kila mtu anasinzia, jioni hivyo hivyo.

Ila wewe uliyekula chumvi ya bahari miaka yote hiyo, huu mji ungekufaa kuliko Paris. Hapa ndo mto Oise unamwagikia Seine, Conflans yenyewe maana yake makutano ya mito, hata stesheni yangu inaitwa Fin-d'Oise, yaani Oise inapoishia. Sasa angalia, ukiupanda Oise unakutana na mifereji ya kwenda Ubelgiji, ukiupanda Seine ndo Paris, ukiushuka unapita Rouen mpaka baharini Le Havre, mwenye mzigo angekwepea wapi? Basi pakawa kwao mabaharia wa mtoni, mtu anazaliwa ndani ya tishari, anaoa humo humo, watoto wakifika umri wa shule wanapelekwa bweni maana nyumba yao haitulii sehemu moja.

Halafu karne ya 19 walilaza mnyororo chini ya mto kutoka hapa mpaka Paris! Stima inaudaka, inajivuta nao kwenda mbele huku nyuma inakokota msururu wa matishari, zamani hiyo ilikuwa kazi ya farasi kando ya mto.

Huyo Honorine wa kwenye jina la mji ni mtakatifu wao, mifupa yake ililetwa mwaka 876 watu wakiwakimbia Waviking, mpaka leo watu wa matishari wanamheshimu.

Na kuna tishari la zege. Zege mjomba, na linaelea! Baada ya vita ya kwanza ya dunia chuma kiliadimika wakalijenga hivyo libebe makaa ya mawe, 1936 padri mmoja akaligeuza kanisa, linaitwa Je Sers, "Natumikia", bado limefungwa hapo gatini. Nilibisha mpaka siku nilipoingia mwenyewe nikagonga ukuta.

Siku hizi mizigo mingi imehamia kwenye malori, matishari kibao yamekuwa nyumba za watu, wameweka na maua juu. Nimekutumia picha ya hilo la zege, waonyeshe hapo barazani, ya mnara sina.