Ukombozi ukishalipiwa haulipiwi tena

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie fundisho linalozidi kuzoeleka katika mahubiri, nalo ni kumwambia muumini kwamba, ingawa amemwamini Kristo na kubatizwa, bado vipo vifungo alivyorithi kwa wazazi wake ambavyo havitafunguka mpaka atoe sadaka maalumu ya kujikomboa, na kwamba kadiri sadaka hiyo inavyokuwa nono ndivyo na ukombozi utakavyokuwa kamili. Sina ugomvi na sadaka, kwa maana mtenda kazi anastahili ujira wake. Ugomvi wangu ni na mafundisho yanayomtwisha mkombolewa deni ambalo imani yenyewe inakiri kwamba limekwisha kulipwa.

Wanaofundisha hivyo hujitetea kwa Agano la Kale, kwa hiyo tuanzie huko huko. Ni kweli kwamba Hesabu sura ya 18 inaagiza mzaliwa wa kwanza akombolewe kwa shekeli 5, na kwamba Kutoka sura ya 30 inamtaka kila aliyehesabiwa, kuanzia umri wa miaka 20, atoe nusu shekeli iwe fidia ya nafsi yake. Sijui kwa nini wasomaji wa sura hiyo huchoka kabla ya kufika aya ya 15, inayosema tajiri asizidishe wala maskini asipunguze. Kiwango kilifungwa, na hakuna aliyeweza kujinunulia upendeleo kwa Mungu kwa ukubwa wa mfuko wake. Isitoshe, watu hao walikuwa wamekwisha kutolewa Misri kabla ya kuagizwa watoe chochote. Farao hakulipwa, Waisraeli hawakuchangishwa. Bahari ilivukwa kwanza, Sinai ikafuata.

Lakini mahali ambapo Biblia inatuonesha ukombozi kwa karibu zaidi, kwa maoni yangu, ni katika sheria ya jamaa na katika kisa kinachoifafanua. Walawi sura ya 25 inasema mtu akifukarika hata akauza shamba lake, au akajiuza mwenyewe kwa mgeni, jamaa yake wa karibu anaweza kumkomboa: ndugu yake, au baba yake mdogo, au mtoto wa baba yake mdogo. Sasa tazama yanayotokea Bethlehemu, katika sura ya 4 ya Ruthu. Boazi anaketi langoni, anawaita wazee kumi wawe mashahidi, kisha anamweleza jamaa aliye karibu zaidi kuliko yeye kwamba shamba la marehemu Elimeleki linahitaji mkombozi. Yule jamaa anakubali papo hapo, kwa kuwa shamba ni mali. Anapoambiwa kwamba pamoja na shamba atamchukua Ruthu, mjane Mmoabi, ili jina la marehemu lisipotee katika urithi wake, anarudi nyuma akihofia kuuharibu urithi wake mwenyewe, anavua kiatu chake na kumwachia Boazi haki hiyo. Biblia haikulihifadhi hata jina lake. Boazi anajitwika gharama yote mbele ya mashahidi, na wajane wale wawili, Naomi aliyekuwa mke wa Elimeleki na Ruthu mkwewe, hawadaiwi kitu.

Waandishi wa Agano Jipya walimwona Kristo kwa namna hiyo. Waraka kwa Waebrania unasema haoni haya kutuita ndugu zake, na kwamba alishiriki damu na nyama kama sisi. Yaani alijifanya jamaa kwanza, ndipo akakomboa. Katika Marko 10:45 yeye mwenyewe anasema amekuja kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi. Wanateolojia wamebishana kwa karne nyingi fidia hiyo alilipwa nani. Origen aliona kwamba alilipwa shetani, Gregori wa Nazianzo akalikataa wazo hilo kwa ukali, na Anselm, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1098, akaeleza kwamba kilichotimizwa ni heshima ya Mungu iliyovunjwa na dhambi. Nadhani mfano wa malipo ulisukumwa mbali kuliko uwezo wake. Hata hivyo, katika mabishano yote hayo sikumbuki aliyependekeza kwamba mlipaji ni mwenye kukombolewa.

Kuhusu vifungo vya kurithi, Petro alikwisha kulijibu jambo hilo. Anawaandikia Wakristo kwamba walikombolewa “si kwa vitu viharibikavyo, kwa fedha au dhahabu”, na kile walichokombolewa kutoka kwacho anakitaja katika aya hiyo hiyo ya 1 Petro 1:18: mwenendo usiofaa walioupokea kwa baba zao. Urithi wa wazazi na fedha vimo katika sentensi moja, na fedha imekataliwa. Muumini anayeendelea kuugua au kuhangaika asidhani kwamba amebakiza deni, kwa kuwa hata Paulo, katika Warumi 8:23, anasema tunaugua tukiutazamia ukombozi wa mwili wetu.

Fedha inayo nafasi yake katika habari hii, ila inaelekea upande mwingine. Ambrosi, askofu wa Milano katika karne ya 4, aliviyeyusha vyombo vitakatifu vya kanisa ili kuwakomboa mateka wa vita, na wapinzani wake walipomlaumu alijibu kwamba ni heri kumhifadhia Bwana watu kuliko dhahabu. Kanisa lake lilitoa fedha ili watu waachiwe huru. Leo tunasikia watu wakiambiwa walipe kanisa ili waachiwe.

Naomba basi, kupitia gazeti lako, mhubiri yeyote anayetoza sadaka hiyo atuoneshe sura na aya katika Agano Jipya ambapo aliyekwisha kubatizwa anaagizwa kulipia ukombozi wake mwenyewe. Akiipata, nitaomba nafasi nyingine nimjibu.

Wako mtiifu,
Msomaji