Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Hospitali: bendi bila marekebisho sio matibabu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam. Naandika hapa hadharani kwa sababu njia nyingine nimeshazipita zote, nimeandika kwenye daftari la maoni, nimepiga simu kliniki, nimemwomba dada wa mapokezi anipeleke kwa mkubwa wake, na kila mahali jibu ni lilelile, subiri utapigiwa. Sijapigiwa. Na sio mimi peke yangu, pale kwenye benchi la kliniki tumeshajuana, sisi wenye bendi, kile kifaa kinachofungwa kwenye mfuko wa chakula ili mtu apungue uzito, kilio chetu ni kimoja, kupata tarehe ya kurekebishiwa bendi imekuwa kazi kubwa kuliko kupata upasuaji wenyewe.

Naomba nianze na jambo ambalo nadhani halijafika vizuri ofisini kwako, manake ukiangalia ratiba inavopangwa unaona kabisa kuna mtu anaamini mgonjwa wa bendi akishatoka thieta kamalizana na hospitali. Hajamalizana, ndo kwanza anaanza. Bendi ni pete ya silikoni inayofungwa sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, upande wa ndani ina kipira kinachojazwa maji ya chumvi, kutoka hapo kuna mrija mwembamba unakuja mpaka kwenye poti ndogo iliyoshonewa chini ya ngozi, juu ya msuli wa tumbo. Siku ya upasuaji mara nyingi inawekwa tupu, au karibu tupu, kwa sababu ndani kumevimba na panahitaji muda wa kupona. Baada ya wiki 4 mpaka 6 ndo mgonjwa anarudi, anaongezewa maji kidogo, anaangaliwa, anarudi tena, anaongezewa tena au anapunguziwa, mpaka apate ule mkazo unaomfaa yeye, wa kushiba chakula kidogo na kukaa masaa bila njaa. Mwaka wa kwanza hiyo safari inajirudia mara nyingi. Sasa mgonjwa akipewa tarehe ya wiki ya 6 alafu ikasogezwa, ikasogezwa tena, huyo mtu kapitia kisu, kalala wodini, ana mishono tumboni, na kile kifaa ndani bado hakijaanza kazi.

Hii sio hoja yangu mimi. Hata ukisoma hii bendi ilikotoka utaona marekebisho ndo roho yake. Daktari Lubomyr Kuzmak kule Marekani alikuwa anaweka bendi ya silikoni isiyorekebishika tangu 1983, na mwaka 1986 akaanza kuweka yenye kipira cha kujaza maji, kusudi ikishawekwa iweze kukazwa na kulegezwa bila kumfungua mgonjwa upya. Alafu Septemba 1993 Dr. Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia, akaiweka kwa njia ya matundu madogo pale Huy, Ubelgiji, na ndo njia inayotumika mpaka leo. Watu wale walihangaika miaka yote hiyo ili bendi iweze kurekebishwa, sisi huku tumewekewa kifaa chenyewe alafu hicho kitu kilichowahangaisha ndo tunanyimwa.

Na kazi yenyewe ni ndogo jamani. Nieleze inavyokuwa, kwa sababu wanaopanga ratiba pengine hawajawahi kuiona. Unalala chali kitandani, unapandisha shati, nesi au daktari anakuambia inua kichwa kidogo ili msuli ukaze, anapapasa na vidole viwili mpaka aisikie poti, ni kama kifungo kigumu hivi chini ya ngozi. Anasafisha, anaingiza sindano ya Huber, ile ambayo ncha yake haikati kile kifuniko cha mpira cha poti, kwanza anavuta maji kuona ndani kuna kiasi gani, alafu anaongeza. Na tunaongelea viwango vidogo sana, kuna bendi zinazobeba mililita 4 tu, nyingine 10, nyingine mpaka 14, nusu mililita peke yake inaweza kumbadilisha mtu kutoka kushindwa kushiba mpaka kushindwa kumeza. Anachomoa, unakaa, unapewa glasi ya maji unakunywa taratibu huku wanakuangalia, maji yakipita vizuri unavaa unaenda. Hakuna usingizi, hakuna wodi, hakuna mishono. Poti ikiwa imegeuka au haipatikani kwa vidole hapo ndo unapelekwa eksirei, lakini wengi wetu hatufiki huko. Dakika chache Mheshimiwa! Dakika chache ambazo mtu anazisubiri miezi.

Sasa nikuambie huku upande wa kusubiri kunakuwaje. Bendi ikiwa imelegea njaa inarudi kama zamani, unakula, baada ya masaa mawili tumbo linadai tena, na uzito unaanza kupanda polepole mbele ya macho yako. Unafika kliniki unapimwa, anayekupima anaangalia mzani, anakuangalia wewe, anakuambia mbona hujitahidi. Hilo neno linaniuma mpaka leo. Mtu aliyekubali kupasuliwa, aliyemaliza zile wiki za vimiminika na vyakula vya kusaga, aliyejifunza kutafuna upya kama mtoto, unamwambia hajitahidi, wakati faili lake liko mezani linaonesha hajaongezewa maji tangu mwaka jana. Kuna utafiti wa 2004 wa wagonjwa wa bendi, waliorudi kliniki zaidi ya mara 6 ndani ya mwaka wa kwanza walipungua uzito wa ziada kwa asilimia 50, waliorudi mara 6 au pungufu asilimia 42. Kwa hiyo kliniki inapomsogezea mtu tarehe inamsogezea na matokeo yake, alafu matokeo yakija mabaya lawama anabebeshwa yeye.

Ila kulegea angalau unaishi. Kukaza kupita kiasi ndo kunakotisha, na hapa naomba usome polepole. Bendi inaweza kukaza hata kama hakuna aliyeigusa, watu wanaamka siku moja wanakuta hakipiti kitu. Mi ilinikuta. Chakula kinakwama kifuani, unahisi jiwe, unatembea huku na huku chumbani ukisubiri kiteremke, mwisho kinarudi na ute mzito. Usiku ukilala tindikali inapanda mpaka kooni unaamka unakohoa unapaliwa, nikawa nalala nimeegemea mito kama mtu aliyekaa kwenye kiti. Nikapiga simu asubuhi, nikaeleza yote hayo, nikaambiwa kliniki ya bendi imejaa nipige tena baada ya wiki tatu. Nikasema hata mate yananisumbua kumeza, yule dada akanijibu kwa upole kabisa, dada yangu mi naandika tu tarehe. Simlaumu. Hakuna aliyemfundisha kwamba mtu mwenye bendi akisema hawezi kumeza mate hiyo sio apointimenti, hiyo ni imajensi, anatakiwa atolewe maji siku hiyohiyo.

Na kwa nini siku hiyohiyo? Kwa sababu mtu anayetapika mfululizo kwanza anakaukiwa maji mwilini, alafu vitamini B1 inamuishia, hiyo haikai mwilini muda mrefu, na ikiisha inaweza kuharibu ubongo na uharibifu mwingine haurudi nyuma. Kutapika kwenyewe kunaweza kusukuma mfuko wa chakula ukapanda juu kupitia bendi, bendi ikahama mahali pake, na hapo hatuongelei tena sindano ya dakika chache, tunaongelea thieta. Kile kinachopanda usiku kinaweza kuingia kwenye mapafu. Na kuna wajawazito wenye bendi, mama anatapika kwa mimba na huku kabanwa na bendi, huyo akiambiwa wiki tatu ni watu wawili wanaoambiwa.

Kuna na hili ambalo wengi hawalijui, bendi iliyokaza sana inaweza kunenepesha. Chakula kigumu kizuri chenye protini hakipiti, kinachopita ni laini na tamu, aisikrimu, chokoleti, vinywaji vya sukari, basi mtu anaishi na hivyo kwa sababu ndo pekee vinavyoteremka. Uzito unapanda, anakuja kliniki, na yule asiyeelewa anaweza akaona suluhisho ni kukaza tena!! Ndo maana tunasema tunahitaji mtu anayeijua bendi, anayekaa akakuuliza unakula nini, unalala vipi, unakohoa usiku au hukohoi, kabla hajashika sindano.

Najua utasema wataalamu ni wachache, na hilo nalikubali. Bendi imepungua dunia nzima, Marekani mwaka 2011 ilikuwa zaidi ya theluthi moja ya upasuaji wote wa kupunguza uzito, kufika 2019 ikawa chini ya asilimia 1, siku hizi wengi wanakatwa mfuko wa chakula au wanafanyiwa baipasi, yaani chakula kinatengenezewa njia ya mkato, na madaktari vijana wanaosomea sasa hivi wengine hawajawahi kushika poti. Lakini Mheshimiwa, kupungua kwa bendi mpya hakujazitoa zilizomo kwenye matumbo yetu. Sisi tuliowekewa tuko hai, tunazeeka nazo, na aliyetuweka akistaafu au akihama faili linabaki bila mwenyewe. Ukienda kwingine unaulizwa bendi yako aina gani, inabeba mililita ngapi, sasa hivi ina ngapi, wewe utajulia wapi wakati hujapewa hata karatasi, na wengine wanakukataa palepale, wanasema sisi hatugusi bendi ambayo hatukuiweka sisi. Mtu anazunguka na kifaa mwilini ambacho hakuna anayekubali kukigusa.

Ninachoomba hakihitaji jengo jipya. Tarehe za marekebisho ya mwaka wa kwanza zipangwe siku ileile mtu anapopangiwa upasuaji, zote, ziandikwe kwenye kadi yake, na kama nafasi za kumrekebisha hazipo basi asiwekewe bendi mpaka zipatikane, kwa sababu kumpasua mtu bila uwezo wa kumfuatilia ni kumuongezea ugonjwa. Manesi wafundishwe kurekebisha. Sehemu nyingi duniani nesi aliyefunzwa ndo anafanya kazi hii kila siku, daktari anaitwa pale penye shida tu, sioni kwa nini hapa kila tone la maji limsubiri daktari mpasuaji ambaye muda wote yuko thieta. Pale mapokezi pawe na karatasi moja ukutani, mgonjwa wa bendi akisema hamezi maji, hamezi mate, anatapika bila kukoma, ana maumivu makali ya tumbo au kifua, apelekwe ndani leo. Idara ya dharura iwe na sindano za Huber na angalau mtu mmoja kila zamu anayejua kutoa maji, manake nilipofika pale usiku daktari wa zamu aliniambia wazi kabisa hajawahi kufanya na anaogopa kutoboa poti kwa sindano ya kawaida akaiharibu, nikashukuru kwa ukweli wake ila nikarudi kukaa na ndoo yangu mpaka kukakucha.

Na kila mmoja wetu apewe kadi yenye aina ya bendi, ujazo wake, tarehe aliyowekewa, na kila marekebisho iandikwe kimeongezwa nini na kimebaki kiasi gani. Hiyo tu ingemuokoa mtu akiwa safarini, akiwa amehama, akiwa hawezi kuongea.

Mimi siku niliyopata bahati ya kurekebishwa vizuri niliona tofauti ndani ya siku chache. Nilitolewa maji kidogo tu. Nikalala usiku mzima bila kukohoa, nikakaa mezani na watu wa nyumbani nikala chakula cha kawaida, kidogo, taratibu, nikashiba nikaweka kijiko chini bila kulazimishwa na mtu. Kwa hiyo najua bendi inafanya kazi. Ndo maana nina hasira, ningekuwa naona haifai ningeomba itolewe niendelee na maisha yangu, lakini inafaa, kinachokosekana ni mtu na sindano kwa wakati.

Mheshimiwa Mkurugenzi, naomba utujibu hadharani vilevile kama nilivyoandika. Utuambie wagonjwa wa bendi walioko kwenye foleni ya marekebisho sasa hivi ni wangapi, aliyesubiri muda mrefu kuliko wote kasubiri tangu lini, na manesi wataanza kufundishwa mwezi gani. Na yule aliyepo kwenye foleni leo huku anatapika, tafadhali usimsubirishe mpaka jibu liandikwe, mwite kesho asubuhi.

Wako katika kusubiri,
Mgonjwa wa kliniki ya bendi