Shangazi, tuanze na maji

Shikamoo Shangazi.

Najua utasomewa barua hii na mmoja wa wajukuu, jioni, ukiwa umejinyoosha kwenye mkeka barazani. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu utaniuliza habari za watoto, za baba yao, za bei ya mchele huku Dar, na salio litakatika kabla sijafika ninapotaka. Tena nimeona niiweke hadharani, maana kila ukoo una shangazi wa aina yako, ambaye shule zikifungwa watoto wote wanapelekwa kwake. Desemba iliyopita nilihesabu tisa hapo Pongwe. Likitokea la kutokea, mikono itakayomfikia mtoto kabla ya daktari ni yako.

Naomba nianze na lile la chai. Unakumbuka Pasaka ile mwanangu alipovuta kitambaa cha meza, chupa ikaanguka, chai yote ikammwagikia mkononi. Ulimnyakua, ukaita, "Leteni dawa ya meno!" Mimi ndiye niliyekimbia kuileta. Tulimpaka kuanzia kwenye kiwiko hadi vidoleni. Tulipofika hospitali kwa bajaji ilikuwa imeshakauka, nyeupe kama chokaa ya ukutani. Nesi hakutugombeza. Alilowesha shashi, akaanza kuibandua kidogo kidogo, na malengelenge yakawa yanapasuka na kutoka nayo. Wewe ulimshika miguu, mimi mabega. Mtoto alilia pale kuliko alivyolia chai ilipommwagikia. Usiku ule hatukuzungumza juu ya jambo hilo, na hatujalizungumza mpaka leo.

Mwaka huu kazini tulipewa mafunzo ya huduma ya kwanza ya siku mbili. Mwalimu aliuliza ni nani kwao kidonda cha moto hupakwa dawa ya meno, unga, ute wa yai, asali au mafuta ya nazi. Karibu chumba kizima kilinyoosha mkono. Basi si sisi peke yetu, Shangazi.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuepua wali mapema, kwa kuwa ukishaepuliwa unaendelea kuiva kwa joto la sufuria. Nyama ya mwili nayo ni hivyo hivyo. Chai imeshamwagika, lakini joto liko ndani na linaendelea kuunguza chini ya ngozi. Ukipaka kitu juu umelifungia humo, na daktari hataona kidonda kina kina gani mpaka akioshe. Kinachotoa joto ni maji ya kawaida, safi, yanayotiririka, kwa dakika 20. Dakika 20 ni nyingi, mtoto atalia na majirani watakwambia unachelewa. Usiwasikilize. Bomba likiwa limekatika, kaa na ndoo na kopo, mmiminie taratibu. Barafu usiiweke, nayo huumiza ngozi. Mvue nguo na bangili mapema kabla hajavimba, ila nguo iliyogandia kwenye ngozi iache. Malengelenge usiyapasue. Ukimaliza, funika kwa kitambaa safi, na sehemu zake nyingine zisipate baridi, ndipo muondoke. Hata kama mlichelewa kukumbuka, maji bado yanasaidia ndani ya saa 3 za mwanzo.

Kama utashika jambo moja tu katika barua hii, shika hilo la maji.

Sasa degedege. Hapa naingia kwa adabu, kwa sababu najua ulivyompoteza mdogo wake baba na najua mlivyoelezwa siku zile. Sitaki kufukua kidonda. Nasema tu kwamba mtoto akikakamaa na macho yakageuka, kijiko kisiingie mdomoni. Ulimi haumezeki. Kijiko huvunja meno, nayo meno ndiyo yanayoweza kumkaba. Mlaze ubavu, mate yatiririke nje, sogeza stuli na jiko, mlegezee nguo shingoni, usimshike kwa nguvu wala kumnywesha chochote. Tazama saa. Ikipita dakika 5 hajatulia, hiyo ni mbio za hospitali. Na hata akitulia mapema mpeleke siku hiyo hiyo akapimwe damu, kwa sababu malaria kali huja na sura hiyo hiyo. Wapo watakaokwambia mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Shangazi, kinachowaua ni kucheleweshwa. Dawa ya kukata mtukutiko ule ipo, na mara nyingi iko ndani ya sindano hiyo hiyo wanayoiogopa.

Mafuta ya taa nitayataja kwa ufupi. Mtoto akiyanywa usimpe maziwa na usimtapishe. Ni mepesi mno, na anapotapika yanapenya mapafuni, huko ndiko yanakoharibu. Mvue nguo zilizolowa, beba chupa yenyewe, nendeni.

Mwalimu alituletea pia mwanasesere wa kufanyia mazoezi, ukubwa wa mtu mzima, kifua cha mpira chenye springi ndani. Wewe hupenda hadithi, basi sikia yake. Aliyemtengeneza mwaka 1960 ni Asmund Laerdal wa Norway, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza midoli ya watoto. Miaka kadhaa kabla ya hapo mwanawe mdogo alinusurika kuzama majini, na ni yeye baba aliyemtoa. Nilipopiga magoti mbele ya kile kifua nilimfikiria baba huyo, nikafikiria na kisima chako kisicho na mfuniko.

Mtu akianguka, ukamwita haitikii, na hapumui au anakoromakoroma tu, unaweka kiganja katikati ya kifua, kiganja kingine juu yake, mikono imenyooka, unabonyeza kwa nguvu na kwa haraka. Mtu mzima kifua kishuke sentimita 5 au 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila ukibonyeza mara 30, unampulizia pumzi 2. Kwa aliyetolewa majini pumzi ni muhimu zaidi, mwanzie nazo. Na usimning'inize miguu juu ili maji yatoke kama tulivyozoea kuona ufukweni, huo ni muda unaopotea. Nilichoka baada ya dakika mbili, jasho linanitoka, ndipo nikaelewa kwa nini mwalimu alisisitiza mpokezane.

Kukabwa na chakula nako usiingize kidole kutafuta. Karanga utaisukuma ndani. Akiweza kukohoa, mwache akohoe. Sauti ikikatika, mwinamishe, mpige kwa kiganja kati ya mabega mara 5, kisha simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5, rudia. Mtoto mchanga wa chini ya mwaka mmoja tumbo lake usiliguse: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara 5, halafu mgeuze umbonyeze katikati ya kifua mara 5.

Najua hutayashika haya kwa kusomewa. Mimi mwenyewe niliyashika mikono ilipoyafanya, tena siku ya pili. Kwa hiyo shule zikifungwa nitakuja mapema na watoto, siku tatu kabla ya wengine. Utanitafutia ule mto mgumu wa sufi, tutaukandamiza sebuleni mimi na wewe na wale wajukuu wakubwa, kwa sababu wa darasa la sita anaweza haya kabisa.

Kabla ya hapo naomba mambo matatu. Namba ya yule kijana wa bajaji iandikwe kwa makaa nyuma ya mlango, kubwa, kila mtu aione. Fundi aje apime mfuniko wa kisima, fedha nimeshatuma kwenye simu yako. Na huyo anayekusomea hivi sasa, mwambie ainuke aende jikoni, aitoe ile chupa ya maji ya kunywa yenye mafuta ya taa chini ya meza, aipandishe juu ya kabati.

Mwanao wa Dar