Barua kwa mwanangu Neema, kabla hujafungua mlango Nkuhungu

Mwanangu Neema,

Mdogo wako ndiye aliyenipigia jana usiku kuniambia umeshalipa kodi ya miezi sita ya kile chumba cha Nkuhungu, hapo Dodoma, unachotaka kufungulia huduma yako ya uuguzi. Nilitamani nilisikie kwako. Nimefurahi mno, na sikulala.

Kinachoninyima usingizi ni hiki: usimchome dawa mtu asiye na cheti cha daktari kinachoagiza dawa hiyo. Watakuja tu. Ukishatundika kibao, mtaa mzima utakuita dokta, na mtu ataingia na kichupa cha seftriaksoni, ile antibiotiki ya sindano, alichonunua mwenyewe, akwambie, "Nichome tu, sista, nina homa." Homa ya nini? Mpime joto na presha, uandike, umwelekeze zahanati. Kichupa kile kikichanganywa na lignokaini, dawa ya ganzi, ni cha kwenye msuli tu. Ukikipitisha kwenye mshipa unaweza kuvuruga mapigo ya moyo au kumletea mtu degedege, na hapo hata cheti hakuna cha kukutetea.

Hata mwenye cheti muulize kwanza kama penisilini imewahi kumdhuru, na akishachomwa akae benchi nusu saa. Trei ya dharura ikae mezani, isifungiwe kabatini. Weka adrenalini ya 1:1000 ya kumwokoa anayepata mzio mkali: mtu mzima nusu mililita, msuli wa paja upande wa nje, urudie baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Ikibadilika rangi, itupe. Joto la Dodoma na mwanga wa dirishani vinaiharibu.

Najua utasema, mbona wewe mama, pale uani kwetu, jirani akija na kichupa chake ulikuwa unamchoma? Hayo usiyafanye shule. Kama hakuna aliyedhurika, ilikuwa rehema ya Mungu, haukuwa ujuzi.

Wazo lako la kuwafuata wagonjwa majumbani ndilo zuri, na hapo nakusifu. Waliopooza, wenye vidonda vya kisukari, wenye mpira wa mkojo: hao ndugu zao wanahangaika nao kila siku. Lakini bei yako uliyomtajia mdogo wako ni ndogo. Umehesabu kidonda, hukuhesabu bodaboda kwenda na kurudi, jozi mbili za glavu (moja ya kutoa bandeji chafu, nyingine safi), gozi, plasta, na saa nzima ya kukaa pale. Kila nyumba fungua daftari lake: tarehe, urefu na upana wa kidonda kwa sentimita, rangi, harufu. Kidonda kisichopungua baada ya wiki chache kirudishwe hospitali, usikishikilie kwa ajili ya hela. Wafundishe ndugu kumgeuza mgonjwa kila saa 2, na mfuko wa mkojo ukae chini ya kiuno, usiguse sakafu.

Karatasi. BRELA inakusajilia jina la biashara, basi. Namba ya mlipakodi ni TRA, leseni ya biashara ni halmashauri ya jiji. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokuruhusu kumgusa mgonjwa. Nenda Baraza la Uuguzi na Ukunga, uwaulize kwa maandishi kazi zipi unaruhusiwa peke yako, na jibu ulibandike ukutani wateja walisome. Hapo hata yule wa kichupa utamwonyesha kwa kidole.

Sindano usizirudishie vifuniko. Kisanduku chake kikifika robo tatu kifunge, na upatane mapema na kituo chenye tanuri la kuchomea taka, maana ukitupa jalalani watoto wa Nkuhungu wataokota. Nunua tanki la maji kabla ya kiti cha kuzunguka.

Hiyo kodi umeitoa wapi? Kama ni ya kikoba, niambie. Marejesho yanaanza kabla wagonjwa hawajaanza kulipa, na ndugu ndio watakaokopa huduma yako wa kwanza.

Paa la jikoni limepata mabati mawili, limebaki moja. Baba yako goti linamsumbua, anakataa kwenda kupimwa, mpigie wewe. Mlenda umekauka vizuri. Nitampa kondakta wa basi la asubuhi pamoja na karanga, ndoo unirudishie. Na hicho kibao nitumie picha kabla fundi hajamaliza rangi. Kama kimeandikwa Dokta, kifutwe.

Mama yako